Koo la Kuazima

Sehemu ya Saba

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Fundi, unaning'inia kama mkia wa panya, na watu arobaini na mmoja walikuwa wamemtolea macho.

Spika zilikuwa kimya. Wimbo wa tatu ulikuwa umekatwa katikati, pale pale mwimbaji alipokuwa anajiandaa kupanda juu.

"Hii si sauti ya Koromeo." Ndiyo maneno yaliyomtoka mwishoni mwa sehemu ya wiki iliyopita, na mpaka sasa hakuna aliyeyameza.

Kama wewe ni mgeni kwenye ukurasa huu, shika haya tu. Fundi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, anatengeneza spika na amplifaya, na masikio yake yanasifiwa mtaa mzima. Ndiye mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Mbavu Tatu, ile bendi ya roki ya wanaume watatu wembamba, mwimbaji wao Koromeo, waliotikisa nchi nzima kisha wakanyamaza ghafla. Miaka kumi na minne waliahidi albamu mpya. Mara studio imeingia maji, mara gitaa limeibwa, mara subirini mwakani. Asubuhi ya leo albamu imetoka, jina lake Hatujafa, na wanachama wamejaa dukani kwa Fundi kuisikiliza kwa pamoja.

Sasa tuendelee.

"Rudisha waya!" Kinyozi alifoka. Alikuwa pande la mtu, shingo nene, na hasira zake zilikuwa karibu siku zote. "Fundi, usinitanie! Nimefunga kazi Jumamosi. Jumamosi! Unajua nimeviacha vichwa vingapi na nywele zake?"

"Sitanii."

"Basi umechanganyikiwa!"

"Koromeo ana miaka hamsini na nne," Mwalimu aliingilia kwa upole. Huyu ndiye katibu wa chama, mwanamke mwembamba anayefundisha hesabu, mtu wa kuandika kumbukumbu hata kwenye harusi. "Sauti ya mtu inazeeka, mwenyekiti. Hata yangu si ile."

"Sauti inazeeka, sawa. Lakini pumzi?" Fundi alirudisha waya mahali pake. "Koromeo akitaka kupanda huvuta pumzi moja, ndefu. Nimemsikiliza tangu nina miaka kumi na saba. Huyu anavuta mbili, fupi fupi, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Tulieni. Sikilizeni."

Akarudisha wimbo nyuma kidogo. Akaongeza sauti.

Hf-hf.

Kisha sauti ikapanda, tamu, kali, ikafika kule juu ambako Koromeo peke yake ndiye aliyekuwa akifika.

"Tena," alisema Mwalimu.

Hf-hf.

Safari hii walisikia wote. Duka likawa zito ghafla. Mtu mmoja nyuma akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo, kama aliyefunguliwa mlango wa chumba asichotakiwa kukiona.

Halafu moto ukawaka.

"Wametufanya wajinga!"

"Miaka kumi na minne! Nimemtetea yule mzee kwa ndugu zangu miaka kumi na minne!"

"Mwanangu wa kwanza ana jina la wimbo wao!" mama mmoja muuza maua alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Nimwambie nini sasa? Nimwambie nimempa jina la matapeli?"

Kinyozi alichukua kasha la albamu yake, akalitupa sakafuni, akalikanyaga mpaka likawa chembechembe. Kisha akachukua la jirani yake, akalikanyaga na hilo.

"Ebo! Langu sijakuambia ulivunje!"

"Utanishukuru kesho!"

Katikati ya zogo hilo Mwalimu aligonga meza kwa kalamu. "Jamani! Swali moja tu. Kama si Koromeo anayeimba humu, ni nani?"

Wote wakamgeukia Fundi.

Fundi akafungua mdomo ajibu. Na hapo hapo, kitu kikamshuka kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo, baridi kama maji ya mtungi.

Pumzi mbili, fupi fupi. Aliijua pumzi ile. Hakuisikia kwenye jukwaa lolote wala kwenye redio. Aliisikia kila asubuhi, miaka kumi na sita sasa, nyuma ya mlango wa bafu la nyumba yake.

"Sijui," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu achaguliwe mwenyekiti.

"Haidhuru," Kinyozi aliunguruma. "Leo saa kumi Meneja wa bendi anakutana na mashabiki na waandishi wa habari kwenye ukumbi wa sinema. Tunakwenda wote. Na wewe Fundi ndiye utakayesimama kumuuliza. Mbele ya watu!"

Wakapiga makofi na miguu. Fundi alitikisa kichwa kukubali, akachukua mkoba wake, akatoka kama mtu anayekwenda kununua sukari. Alipokata kona tu, akaanza kukimbia.

*

Mumewe alikuwa jikoni, anapaka rangi mlango wa kabati.

Kazi yake ndiyo hiyo, kupaka rangi. Na mapenzi yao yalianzia kwenye rangi. Fundi alikuwa msichana, amekaa kwenye foleni ya zahanati, akasikia Koromeo anaimba nje, safi kabisa, bila mikwaruzo. Akatoka kutafuta ni redio gani hiyo nzuri namna ile. Akakuta kijana juu ya ngazi, brashi mkononi, anaimba na ukuta.

Walipooana, kijana yule aliacha kuimba mbele za watu. Alisema ametosheka na bafu. Mbavu Tatu wakipigwa nyumbani, alikuwa anatoka nje. "Kelele hizo," alikuwa akisema.

Fundi alisimama mlangoni, anahema.

"Watoto wako wapi?"

"Kwa shangazi yao. Vipi, mbona unahema hivyo? Albamu imekwisha mara hii?"

"Imba."

"Nini?"

"Imba wimbo wa tatu."

"Wimbo gani wa tatu, mke wangu?"

"Ule wenye chafya katikati!"

Brashi ilimponyoka mume, ikaangukia kwenye mguu wake, ikamwachia doa la kijani. Hakuinama kuiokota.

Hiyo ilitosha kuwa jibu.

"Wiki sita," Fundi alisema. "Wiki sita ulikuwa unaniaga kwamba unapaka rangi shule ya bweni huko mbali. Unarudi kucha safi, nguo hazinuki hata tone la tapentaini. Mimi nikajiambia, mume wangu siku hizi anajitunza! Kumbe ulikuwa studio!"

"Nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza asubuhi nzima! Nimekusikiliza na watu arobaini na mmoja!"

Mume akaketi kwenye ndoo ya rangi. Akaeleza, macho chini.

Alikuwa anapaka rangi ofisi ya Meneja. Alisahau kwamba kuna watu, akaimba. Meneja akatoka ndani mbio, akamkuta juu ya ngazi. Siku ya pili akamwita. Akamfungia mlango. Akamwambia siri: Koromeo alipatwa na ugonjwa wa koo. Madaktari walimpasua. Hawezi kuimba tena, hawezi hata kuomba maji. Na ni Koromeo mwenyewe, kwa kuandika kwenye karatasi, aliyeomba atafutwe mtu wa kumalizia albamu, mashabiki wasife na kiu.

"Akanipa karatasi nitie sahihi kwamba sitamwambia mtu. Hata wewe. Hasa wewe."

"Ukatia."

"Nikatia."

"Kwa nini?"

Mume aliinua uso. "Miaka kumi na minne nakuona unafungua redio kila Ijumaa kusikiliza kama wametangaza. Unafungua, hakuna. Unazima, unakwenda kulala. Nilitaka siku moja ufungue, iwepo."

Maneno hayo yangeweza kumlainisha mwanamke mwingine. Fundi yalimchemsha.

"Mimi nilikuwa namngoja Koromeo! Wewe nilikuwa nakupata kila asubuhi bafuni, bure!"

"Najua..."

"Hujui! Wimbo wa kwanza ulinitoa machozi leo. Nimelia mbele za watu, nimejipangusa na kitambaa cha kufutia vumbi. Nimemlilia mtu ambaye hayumo!"

Mume akauliza kitu ambacho hakutakiwa kukiuliza.

"Kwa hiyo ulikuwa mzuri?"

Fundi alimtazama. Alitaka kumrushia kopo la rangi. Alitaka pia kumjibu ndiyo, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote.

"Usiniulize hilo leo."

Simu ya mume ikalia juu ya meza. Wote wawili wakaisoma: Meneja.

Fundi akawahi. Akaipokea, akaiweka sauti ya nje, akampa mumewe ishara ya kidole: ongea.

"Halo, bosi..."

"Sikia, rafiki yangu." Sauti ya Meneja ilikuwa laini, ya taratibu, kama ya muuguzi anayekwenda kukuchoma sindano. "Nimeambiwa dukani kwa mkeo kumetokea maneno. Mtulize. Leo saa kumi asifungue mdomo."

"Mke wangu siwezi kumfunga mdomo, bosi."

"Basi umfunge kwa huruma. Akinisema, nitasema mimi ndiye niliyedanganywa. Nitasema wewe ulikuja na kanda ukaniambia ni za Koromeo. Karatasi ina sahihi yako, yangu haimo. Mwizi atakuwa nani hapo?"

Fundi aliisogelea simu. "Mkewe anakusikia," alisema, akakata.

Rangi ya kijani ilikuwa imeanza kukauka kwenye mguu wa mume.

"Usiende," alisema mume. "Nakuomba, mama watoto. Watanipasua wale. Yule Kinyozi peke yake ananitosha."

"Nitakwenda."

"Utanitaja?"

Fundi alifungua bomba, akanawa uso. Alinawa muda mrefu. Aliwafikiria watu wake: Mwalimu aliyeandika barua hamsini na mbili kwa bendi bila kujibiwa hata moja. Muuza maua na mtoto wake mwenye jina la wimbo. Akamfikiria mtu aliye nyuma yake, ameketi kwenye ndoo. Pande zote mbili zilikuwa zake, na saa kumi angelazimika kuuchoma upande mmoja.

"Utakuja na wewe," alisema bila kugeuka. "Utaketi mstari wa mbele. Nikianza kufungua mdomo kukutaja, nikukute umeshasimama mwenyewe."

*

Ukumbi ulikuwa umefurika. Viti mia tatu, na waliokosa viti walijibanza ukutani. Habari za pumzi mbili zilikuwa zimeshasambaa, na watu walikuja wamekunja sura.

Jukwaani kulikuwa na meza ndefu. Meneja aliketi katikati, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, mikono ameikunja kama muumini. Kulia kwake alikaa mpiga gitaa, kushoto mpiga ngoma, wote wamekodolea macho meza kana kwamba imeandikwa majibu. Kiti cha nne kilikuwa kitupu, kimevishwa koti la ngozi la Koromeo.

"Wapenzi wetu," Meneja alianza, "Koromeo anawasalimu sana. Yuko safarini..."

"Safarini wapi?" sauti ilitoka ukutani.

"Mlete!"

"Mbili fupi! Mbili fupi!" Kinyozi alianzisha, na ukumbi mzima ukaitikia kwa miguu: mbili fupi, mbili fupi, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Mwalimu alimsukuma Fundi begani. "Nenda."

Fundi akapanda. Hasira ilimbeba. Akaichukua maiki iliyokuwa mbele ya mpiga gitaa. Mpiga gitaa hakuizuia, tena ni kama alimsogezea.

"Mimi ni mwenyekiti wa chama cha mashabiki. Nina swali moja. Anayeimba kwenye albamu hii ni nani?"

Meneja akatabasamu kwa huruma. "Mama, ni Koromeo. Labda spika za dukani kwako zina mashimo."

Watu wachache wakacheka.

"Spika zangu nazitengeneza mwenyewe. Swali liko pale pale."

"Ndugu zangu," Meneja aliwageukia watu, "tumefanya kazi miaka kumi na minne, halafu mke wa mpaka rangi anakuja kutufundisha habari za pumzi!"

Fundi alimgeukia.

"Nani kakuambia mume wangu ni mpaka rangi?"

Meneja aliivua miwani kwenye paji la uso. Akaanza kuifuta.

"Mimi umeniona leo kwa mara ya kwanza. Jina langu hujaliuliza. Mume wangu umemjuaje?"

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi. Waandishi wa habari wakanyanyua kalamu.

"Basi nitawaambia mimi," Fundi alisema. "Aliyeimba namjua. Namjua kwa sababu nafua mashati yake. Namjua kwa sababu ni..."

"Ni mimi."

Mume alikuwa amesimama mstari wa mbele, kofia mkononi, uso umempauka.

Kisha mtu akapiga kelele: "Mwongo! Aimbe!"

"Aimbe!"

Mpaka rangi alimtazama mkewe. Fundi aliinamisha kichwa mara moja.

Akavuta pumzi, fupi, fupi. Akaimba mstari mmoja tu wa wimbo wa tatu, bila maiki, bila gitaa. Sauti ikapanda mpaka kwenye paa, ikakaa huko kitambo, ikashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa ni ile ile. Ilikuwa nzuri mno, na uzuri wake uliwatia wazimu.

Kiti cha kwanza kiliruka. Kinyozi alikuwa ameshavuka mistari mitatu, mishipa ya shingo imemtoka. "Nimekupa mkono mimi! Nimekunyoa kwa mikono yangu, umekaa kwenye kiti changu, ukanyamaza!" Watu wanne walimshika, na wanne hawakutosha. Muuza maua alimpiga mpaka rangi na mkoba kichwani. Mwandishi mmoja wa habari alikanyagwa.

"Jamani! Jamani, kwa ajili ya Koromeo!"

Meneja alikuwa amesimama juu ya kiti chake. Miwani ilikuwa mkononi. Na machozi, msomaji, machozi ya kweli kabisa yalikuwa yanamtiririka mashavuni.

"Nilimwahidi sitasema," alisema huku akilia kwa kwikwi. "Mmenilazimisha. Koromeo ni mgonjwa. Koo lake limepasuliwa. Hana sauti tena, ndugu zangu. Hawezi hata kumwita mwanawe. Alilala kitandani, akaniandikia kwa mkono wake: wape watu wangu nyimbo zao, hata kwa koo la kuazima, lakini wasinione hivi. Hakutaka kuhurumiwa. Na leo huyu mama amemvua nguo mbele ya nchi nzima."

Hasira ya watu mia tatu ilisimama, ikatazama huku na huku kutafuta pa kwenda, halafu ikageuka yote kwa pamoja. Fundi aliiona inakuja.

"Aibu!" alipasuka mzee mmoja.

"Mtu mgonjwa, wewe mwanamke! Mgonjwa!"

"Ulijua?" Mwalimu aliuliza kutoka chini. Sauti yake haikuwa kubwa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Asubuhi nilikuuliza ni nani, ukasema hujui. Ulikuwa unajua?"

Fundi hakuweza kumdanganya mara mbili. "Nilikuwa nimejua muda ule ule."

Mwalimu alifunga daftari lake. Miaka kumi na minne Fundi hakuwahi kumwona akilifunga kabla kikao hakijaisha.

"Shuka, mwenyekiti," Kinyozi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tena si mwenyekiti. Shuka hapo."

Mumewe alipanda jukwaani, akasimama kando yake bila kumgusa. Shavu lake lilikuwa na alama ya mkoba. Alikuwa mtu pekee ukumbini ambaye hakuwa anamzomea, naye ndiye aliyemponza.

Fundi alikuwa bado na hasira. Lakini sasa hasira haikuwa na mlango wa kutokea. Kama ni kweli yule mtu yuko kitandani, anaandika vikaratasi ili apewe maji, basi yeye amefanya nini leo? Aliinua maiki.

"Ndugu zangu," alisema, "naomba..."

"Usiombe radhi, dada yangu."

Sauti ilitoka nyuma kabisa, mlangoni. Haikuwa na maiki, wala haikuwa ya kelele. Ilijaa tu ukumbini kama maji yanavyojaa kwenye beseni.

Fundi alifumba macho.

Kabla ya maneno yale alikuwa amesikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Pumzi. Moja, ndefu.

Alipofumbua, watu walikuwa wanapisha njia. Katikati yao alikuwa anakuja mwanamume mnene, kipara, amevaa mabuti ya mpira yenye tope, shati limempasuka kwapani. Wembamba wa zamani ulikuwa umekwenda wote. Yale macho lakini yalikuwa yale yale, na yalikuwa yanawaka.

"Asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe," alisema Koromeo. "Redio ikaniambia nimetoa albamu. Ndoo ya maziwa imemwagika yote. Nimepanda gari la mboga kwa saa tano nzima kuja kuuliza: nimeitoa lini?"

Mpiga ngoma alisimama polepole, kiti chake kikaanguka nyuma. "Unaongea," alinong'ona. "Walisema... Meneja, ulituambia haongei! Ulituambia haruhusiwi kutembelewa! Nimemwombea huyu mtu kila siku!"

"Sijaumwa hata mafua," alisema Koromeo.

Alifika mbele. Akageuka kuwatazama watu, mstari kwa mstari, mpaka wale wa ukutani. Uso wake ulibadilika.

"Mbona mko wengi hivi?"

Hakuna aliyemwelewa.

"Kila mwaka namuuliza huyu bwana, watu wananikumbuka? Ananiambia, watu wamekuchoka, Koromeo. Wakikusikia redioni wanazima. Rudi shambani kwako. Mlikuwa wapi ninyi?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe!" Mwalimu alipiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumsikia Mwalimu akipiga kelele. "Barua hamsini na mbili! Nimekuandikia barua hamsini na mbili!"

"Sijaona hata moja, mwanangu."

Koromeo akapanda jukwaani, kila buti likiacha tope kwenye ngazi. Akasimama mbele ya mpaka rangi, kifua kwa kifua. Fundi akasogea katikati yao bila kufikiri, maiki ameishika kama nyundo.

"Wewe ndiye uliyeimba kwa jina langu?"

"Ni mimi," mume alisema. "Niliambiwa ni wewe uliyeomba. Nipige kama unataka."

"Wewe tutamalizana. Umedanganywa, na umedanganya, na utanijibu kwa yote mawili." Koromeo alipumua, akamweka kando kwa mkono mmoja kama mtu anayesogeza pazia. "Mimi nimemfuata mwingine. Mashabiki hawakuniuliza, mimi nitawaambia. Sikukaa kimya miaka kumi na minne! Kila mwaka, mavuno yakiisha, nilirekodi nyimbo zangu kumi, nikamletea huyu bwana mkononi. Miaka kumi na minne. Nyimbo mia moja na arobaini, kwa koo langu hili hili. Nataka aniambie hapa, mbele yenu, amezipeleka wapi!"

Ukumbi ulinguruma. Watu mia tatu waligeukia kiti cha Meneja.

Kiti kilikuwa kitupu. Pazia la nyuma ya jukwaa lilikuwa bado linacheza.

"Studio," mpiga gitaa alisema, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku nzima. Midomo ilikuwa imempauka. "Kuna kabati la chuma kule ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Bila shaka nyimbo zako ziko mle. Na jana nilimwona anaingiza dumu la petroli, nikadhani ni la jenereta."

Nje, injini ya gari iliwaka.